Tathmini ya usalama wa nyumba ya ibada: wakaguzi hodari, ripoti yenye kasoro

Kamati ya nyumba yetu ya ibada iliajiri kampuni ya ushauri itufanyie tathmini ya hatari za kiusalama, na kwa kuwa kamati nyingine zinafikiria kufanya vivyo hivyo, naeleza hapa huduma hiyo ina thamani gani na inapwaya wapi.

Kilichonipa imani mapema ni kwamba wakaguzi hawakuridhika na kuliona jengo likiwa tupu. Walirudi wakati wa ibada kuu, wakasimama nyuma na nje, wakatazama watu wanavyoingia, magari yanavyoegeshwa karibu na ukuta, na sadaka inapopelekwa baada ya kukusanywa. Jengo tupu huonyesha kuta na vitasa tu; likijaa ndipo vinapoonekana viti vya ziada vilivyoziba njia na mlango wa pembeni uliotiwa kufuli ili watoto wasitoke.

Mlango huo ulichukua sehemu kubwa ya ripoti, na ulistahili. Tarehe 9 Oktoba 2019, mjini Halle nchini Ujerumani, mtu mwenye silaha alishindwa kuuvunja mlango wa sinagogi uliokuwa umefungwa, na waumini zaidi ya 50 waliokuwamo wakanusurika, ingawa aliua watu wawili, mmoja nje karibu na sinagogi hilo na mwingine kwingineko mjini humo. Kisa hicho kinaweza kuifanya kamati iamini kwamba usalama ni kufunga kila kitu. Wakaguzi walifafanua vizuri kwamba mlango unaomzuia mvamizi lazima pia umwachie mara moja, bila kutafuta ufunguo, anayekimbia moshi kutoka ndani, na kwamba ni heri ufungukie nje, kwa maana umati ukishaugandamiza mlango unaofungukia ndani, hakuna awezaye kuuvuta.

Sehemu ya moto nayo ilikuwa na uzito. Badala ya kuhesabu mitungi ya kuzimia moto na kuondoka, waliuliza kengele ikilia ni nani anayekwenda kuangalia, na kama anaijua sehemu inayotajwa. Katika kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris, tarehe 15 Aprili 2019, kengele ilitoa onyo, lakini ukaguzi wa kwanza haukufanyika mahali palipokuwa panawaka, na muda muhimu ukapotea kabla ya moto kuonekana darini.

Udhaifu ulianzia kwenye jedwali la alama. Kila hatari ilipewa alama ya uwezekano na alama ya madhara, kisha zikazidishwa. Matokeo yake wizi wa sadaka, ambao hutokea mara kwa mara na hauui mtu, ukalingana na shambulio la silaha, ambalo ni nadra lakini huangamiza. Hesabu ni sahihi, ila haimsaidii mweka hazina kuamua aanze na lipi.

Kasoro kubwa zaidi ni uzito uliopewa kamera, zilizotangulia mapendekezo yote, ilhali wahudumu wanaopokea watu mlangoni walitajwa kwa mistari michache. Kamera isiyo na mtazamaji hurekodi tu msiba unavyotokea. Huko Colleyville, Texas, tarehe 15 Januari 2022, kiongozi wa sinagogi alimkaribisha mgeni na kumpa chai, kisha mgeni huyo akamshika mateka yeye pamoja na waumini waliokuwamo; kiongozi huyo alieleza baadaye kwamba mafunzo ya usalama aliyopata awali ndiyo yaliyowasaidia kutoroka. Baadaye tulitambua kwamba kampuni yetu pia huuza kamera, jambo lililostahili kusemwa kabla ya mkataba kutiwa saini.

Kwa uhodari wa ukaguzi wenyewe ningeipendekeza kampuni hii, lakini kwa masharti: itamke mapema kama inauza vifaa, iwahoji wahudumu wa mlangoni kwa kina, na ripoti kamili ikabidhiwe watu wachache waliotajwa kwa majina. Yetu, yenye picha za kila kitasa kibovu, ilitumwa kwa barua pepe kwa orodha nzima ya wanakamati wa sasa na wa zamani.