Ndengu Kwanza, Madondo Baadaye: Sahani za Vibandani Zikipimwa kwa Tumbo la Mwanafunzi

Mwanafunzi akisimama mbele ya sufuria za kibanda saa saba mchana, iwe Ngara, Madaraka, Roysambu, Zimmerman au mtaa mwingine wa Nairobi, maswali yake huwa mawili: ni pesa ngapi, na itanishikilia hadi saa ngapi. Swali la tatu humjia saa nane akiwa darasani, tumbo limefura na mkanda unabana. Hapa tumezipima sahani za kawaida kwa maswali yote matatu, kwa bajeti ya shilingi 100 au chini. Bei hutofautiana mtaa hadi mtaa, lakini kwa jumla chapati ni shilingi 20 hadi 30, bakuli la ndengu (choroko) au madondo (maharagwe) 40 hadi 60, na yai la kuchemsha kama 30.

Uamuzi wetu tuutangulize. Ndengu kwa chapati moja ndiyo sahani bora kwa pesa na kwa tumbo. Madondo huifuata kwa karibu ikiwa mpishi aliyaloweka, na hushuka hadi mkiani ikiwa hakuyaloweka. Wali tunaupenda mchana na tunaukataa usiku. Ugali haudhuru mtu, shida ni saa unapoliwa na kiasi chake.

Madondo

Hii ndiyo sahani inayolaumiwa zaidi, na lawama nyingi ni za mpishi, si za haragwe. Maharagwe yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na bakteria wanaoishi huko huzichachusha. Gesi inayokusumbua darasani hutoka hapo.

Sukari hizo huyeyuka majini. Ukiloweka maharagwe saa 8 hadi 12, ukamwaga maji yale, ukasuuza na kuchemsha kwa maji mapya, sehemu yake nzuri hutoka. Kosa la kawaida ni kuloweka vizuri usiku kucha kisha kuchemshia maji yale yale ili rangi na ladha visipotee. Hapo kilichotoka kimerudishwa sufuriani, na kuloweka kumebaki kuwa njia ya kuokoa makaa tu.

Kuna jambo zito zaidi ya gesi. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana lektini, sumu ya asili inayoleta kichefuchefu, kutapika na kuhara saa chache tu baada ya kula. Huharibiwa na maji yanayotokota kwelikweli kwa angalau dakika 10, kisha maharagwe yaendelee kuchemka hadi yalainike. Moto wa makaa uliofifia, maji yakiwa ya moto bila kutokota, hautoshi. Kwa hiyo jaribu punje moja kabla ya kumaliza sahani: ibane kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Ikipondeka bila meno, imeiva. Ukikuta unga mkavu katikati, rudisha sahani kwa heshima na uombe kitu kingine.

Maharagwe ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, hukataa kuiva hata ukiyachemsha mchana kutwa. Nyanya zikitiwa mapema huongeza ugumu huo kwa sababu ya asidi yake, kwa hiyo mpishi mzuri huzikaanga kando na kuziunganisha maharagwe yakiwa yamelainika. Wengine hutia magadi. Hulainisha haraka, ni kweli, lakini huongeza chumvi ya sodiamu na huharibu sehemu ya vitamini B1, na yakizidi huacha ladha ya sabuni.

Swali la kuuliza kibandani ni fupi: "Mama, madondo ya leo uliloweka?" Mpishi anayeloweka hujibu papo hapo na kwa fahari. Kama hujazoea maharagwe, anza na nusu bakuli kwa wiki mbili tatu. Matumbo mengi hutulia yakizoea. Chapati moja yatosha, kwa sababu ya pili huleta mafuta na unga mweupe usioongeza shibe kwa kiwango cha bei yake.

Ndengu

Huiva kwa dakika 40 hivi hata bila kulowekwa, ngozi yake ni laini, na kwa watu wengi huleta gesi kidogo kuliko maharagwe. Kwa kuwa huiva upesi, kibanda hakina sababu ya kukuuzia ndengu mbichi. Ina protini kama jamaa zake wa jamii ya kunde, na mchuzi wake mzito hubeba chapati au wali bila kuhitaji nyama.

Kasoro ni mbili. Ya kwanza ni mawe: ndengu isiyochaguliwa huvunja jino. Ya pili ni mafuta yanayoelea juu ya sufuria. Mwombe mpishi akoroge kabla ya kukupakulia, au ateke kutoka chini. Kwa mwenye kiungulia, tofauti ataiona jioni ile ile, maana mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu na kurudisha tindikali kooni.

Mwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 chumbani aipike mwenyewe: kikombe kimoja cha ndengu kilichochaguliwa na kuoshwa, vikombe vitatu vya maji, funika, chemsha hadi ipasuke. Kando, kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili kwa kijiko kimoja cha mafuta, unganisha, tia chumvi, iache dakika 5. Inatosha milo miwili ya mtu mmoja. Bila friji usipike ya siku tatu. Kilichobaki kipoe upesi kwenye chombo kipana, kiliwe asubuhi inayofuata baada ya kuchemshwa tena hadi kitokote.

Githeri na muthokoi

Kwa bei, githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, haina mshindani. Kwa tumbo, ganda la mahindi makavu ndilo tatizo. Halimeng'enywi, na mtu mwenye haraka hulimeza bila kutafuna. Anayesumbuliwa na tumbo kujaa ajaribu muthokoi, ambao mahindi yake yametwangwa hadi ganda likatoka. Ni chakula kile kile cha kushibisha, ila chepesi zaidi.

Mitaani huuzwa githeri iliyochemshwa tayari, unapimiwa kwa kikombe. Ni biashara nzuri kwa mwanafunzi kwa sababu saa mbili tatu za moto zimelipwa na mwingine. Inuse kabla ya kulipa. Ikiwa na ute, povu dogo dogo au harufu ya uchachu, iache. Ukifika chumbani itie maji kidogo na uichemshe upya kabla ya kukaanga. Kuipitisha tu kwenye kitunguu hakutoshi.

Wali: tazama saa

Mchele huja na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, huamka, huzaana na kuacha sumu. Aina moja ya sumu hiyo haiharibiwi na moto, kwa hiyo kuupasha wali wa mchana saa mbili usiku hakuufanyi salama. Dalili ni kutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Aina nyingine huleta kuhara baadaye kidogo.

Kwa hiyo kula wali kibandani kati ya saa sita na saa nane mchana, unapotoka sufuriani ukifuka mvuke. Jioni, kama sufuria ni ile ile iliyokuwa pale mchana na chini hakuna jiko, chagua ugali unaosongwa mbele yako. Onyo hili linahusu pia mchuzi mzito wa nyama uliopoa polepole kwenye sufuria kubwa.

Ugali, mboga na mala

Ugali uliosongwa vizuri hauna harufu ya unga mbichi na haushikani na vidole. Kipande cha ukubwa wa ngumi mbili kinamtosha mtu atakayekaa kitako akisoma. Sukuma wiki ioshwe jani zima kabla ya kukatwa. Ile iliyokatwa tayari na kufungwa kwenye mfuko, uliza ilioshwa lini. Managu (mnavu) ni bora zaidi inapopatikana, ingawa uchungu wake si wa kila mtu.

Ambaye maziwa yasiyochachushwa humsokota tumbo ajaribu mala, yaani maziwa ya mgando. Bakteria wa uchachushaji wametumia sehemu ya laktosi, ndiyo sukari inayowasumbua watu wazima wengi. Ugali na kikombe cha mala ni chakula cha jioni ambacho hatujaona cha kukishinda kwa bei yake. Hakikisha tu yametoka kwenye baridi.

Asubuhi

Strungi (chai isiyo na maziwa) na mandazi mawili kwenye tumbo tupu huleta kiungulia kwa wengi, na kufikia saa nne njaa imerudi. Kikombe kikubwa cha uji wa wimbi chenye moto hukaa zaidi, na yai moja la kuchemsha likiongezwa utafika saa saba bila kuhangaika. Uji uliochachushwa kidogo ni mzuri pia. Tindikali yake huwazuia vijidudu wengi. Chai yenyewe inywe saa moja kabla au baada ya ndengu na mboga, kwa sababu tanini zake huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye vyakula hivyo. Chungwa baada ya mlo hufanya kinyume, huongeza ufyonzaji.

Smokie, kachumbari, chipsi

Smokie, ile soseji ya barabarani, huliwa kwa hamu, si kwa shibe. Chipsi za mafuta meusi ya jana tusizijadili. Kachumbari ndiyo ya kuangaliwa: nyanya na vitunguu vibichi hubeba chochote kilichokuwa kwenye maji yaliyoviosha, na Nairobi imeona kipindupindu na taifodi mara nyingi mno kwa mtu kubahatisha. Yai pasua liombe bila kachumbari, litiwe chumvi tu.

Kabla hujakaa, tazama kibanda chenyewe. Je, kuna ndoo yenye mfereji na sabuni, au beseni moja ambalo kila mtu amechovya mikono? Sahani zinasuuzwa kwa maji mangapi? Maji ya kunywa yametoka wapi? Kibanda chenye foleni ya wajenzi na makondakta saa sita unusu mara nyingi ni salama, kwa sababu sufuria huisha kabla chakula hakijapoa. Tumbo likiharibika hata hivyo, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au unatapika kila unachokunywa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kusema una ulcers

Mlo mmoja mkubwa saa nne usiku, kisha kitandani, ni njia ya uhakika ya kuamka na kifua kinachoungua. Gawanya pesa ile ile mara mbili: bakuli la ndengu mchana, ugali wa wastani saa moja jioni, na ukae wima saa mbili au tatu kabla ya kulala. Pilipili huchokoza kiungulia lakini haileti vidonda vya tumbo. Vidonda vingi huletwa na bakteria Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua, au na dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac zinazomezwa mara kwa mara, hasa kwa njaa.

Maumivu yakizidi wiki mbili, yanakuamsha usiku, au choo kimekuwa cheusi kama lami, omba kupimwa zahanati ya chuo. Choo cheusi kisingoje hata siku moja. Mwambie daktari kila dawa uliyonunua mwenyewe. Omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, iliyomezwa ndani ya wiki 2 kabla ya kipimo cha choo, au antibiotiki ndani ya wiki 4, inaweza kumficha bakteria huyo, ukarudi hosteli na karatasi inayosema huna kitu huku tumbo likiendelea kuungua.