Lanolini dhidi ya upepo wa chumvi: uzoefu wangu katika kutunza trekta la kuvutia ndege, Tanga

Tangu kabla ya mvua za masika nimekuwa nikitumia mafuta ya lanolini kulinda dhidi ya kutu trekta kuukuu la kuvutia ndege, yaani la kukokotea ndege zikiwa chini uwanjani, ambalo mimi na wenzangu wachache tuliowahi kufanya kazi za uwanja wa ndege tunalitunza katika banda lisilo na kuta hapa Raskazone, Tanga. Tunataka lifike salama kwenye jumba la makumbusho siku nafasi itakapopatikana. Namwandikia yeyote mwenye gari la namna hii karibu na bahari, kwa sababu maelezo ya kwenye kopo yamewalenga watu wa nchi za baridi, wanaohofia chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, wala hayagusi habari ya kusi inayovuma miezi mfululizo ikibeba chumvi hadi ndani ya banda.

Lanolini ni nta inayotoka katika sufu ya kondoo, nayo hukusanywa viwandani sufu inapooshwa. Haikauki ikawa ganda kama rangi. Hubaki laini juu ya chuma, hufukuza maji, na hupenya polepole katika mianya. Niliagiza Dar es Salaam kopo la kupaka kwa brashi na jingine dogo la kupuliza. Harufu yake ni ya zizi hasa, lakini huisha baada ya muda mfupi.

Ushauri wa kwanza niliopewa na fundi rangi ulikuwa kukwangua kila kitu, kupiga redioksaidi, ile rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha kupaka njano mpya inayong'aa. Ni fundi mzuri na kwa lori la biashara ushauri wake ungenitosha, ila kwa kitu cha makumbusho niliukataa. Mlangoni kwa dereva, pale mguu unapokanyaga kabla ya kupanda, rangi imelika hadi chuma kimebaki kitupu na kulainika kama kijiwe cha kunolea, na pembeni yake bado zinasomeka nusunusu herufi nyeusi zilizochorwa kwa mkono. Alama hizo ndizo kumbukumbu ya watu waliolitumia. Msasa ungezifuta kwa asubuhi moja, na hakuna fundi angeweza kuzirudisha. Lanolini huondolewa kwa mafuta ya taa na kitambaa, rangi ya asili ikabaki pale pale, na kanuni hiyo ya kutofanya jambo lisiloweza kutenguliwa ndiyo inayofuatwa na watunzaji wa makumbusho popote walipo.

Wapo wanaouliza kwa nini nijihangaishe na trekta badala ya ndege yenyewe. Ndege haikuwahi kufanya kazi peke yake. Katika mkusanyo wa ndege na magari ya kale wa Shuttleworth huko Old Warden, Uingereza, limehifadhiwa gari la Hucks, lililoundwa juu ya Ford Model T, ambalo injini yake huzungusha mhimili mrefu unaoshika kitovu cha pangaboi mpaka injini ya ndege iwake. Anayeliona likifanya kazi huelewa uwanja wa ndege wa zamani kuliko anayetazama ndege iliyosimama kimya ukumbini. Hata ile SR-71 ya Marekani, ndege iliyokwenda kasi mara tatu ya sauti, ilihitaji mkokoteni wenye injini mbili za Buick ili iwashwe. Kwetu Afrika Mashariki, shirika la East African Airways lilianza safari mwaka 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide na likafa mwaka 1977. Picha za ndege zake ni nyingi. Ngazi, mikokoteni ya mizigo na matrekta viliishia kwenye vyuma chakavu, na hilo linaniuma.

Matrekta haya huundwa mazito makusudi, kwa kuwa nguvu ya kuvuta hutegemea uzito unaokandamiza matairi, ndiyo maana letu limefungwa mabapa manene ya chuma nyuma na ubavuni. Kati ya bapa na bapa maji ya chumvi hujificha, na kutu, ambayo hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hufura na kuyaachanisha. Hapo ndipo lanolini ilipothibitisha thamani yake. Kwanza tuliosha kila mwanya kwa maji mengi yasiyo na chumvi, kwa sababu kupaka mafuta juu ya chumvi ni kuifungia ndani iendelee kula, kisha tukaacha jua likaushe kabisa, ndipo nikapaka ukingoni mwa kila bapa. Kesho yake mafuta yalikuwa yameingia ndani zaidi ya nilipofikisha brashi.

Kipande kimoja ubavuni nilikiacha makusudi bila kukipaka. Kusi ilipopoa, kipande hicho kilikuwa na vumbi la rangi ya machungwa lililobaki kidoleni nilipokigusa, ilhali jirani yake chuma kilibaki cheusi na kikavu, na nilipokimwagia maji yalijikusanya matone yakateremka. Kwa ushahidi huo nairidhia bidhaa hii bila kusita.

Kasoro zake zipo. Hunasa vumbi, kwa hiyo gari huonekana chafu na wageni huchafuka nguo. Nta ya lanolini huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 40 hivi, na boneti iliyopigwa na jua la mchana huzidi hapo kwa urahisi. Sehemu hiyo nimelazimika kuirudia, na sehemu za kivulini hazikuhitaji. Mafuta yanayochanganywa nayo huweza kuvimbisha mpira, kwa hiyo matairi, mabomba ya breki na mipira ya madirisha niliviepusha, na diski na viatu vya breki havipaswi kuguswa kabisa. Bei nayo si ndogo.

Ughali huo ndio unaowafanya wengi warudi kwenye oili chafu, ambayo gereji hutolewa bure. Siipendekezi. Oili iliyokwisha tumika hubeba asidi na masizi ya injini, hudondoka na kuharibu udongo, na hupaka weusi herufi zilezile tunazotaka zisomeke. Mwenye fedha kidogo anunue kopo la brashi peke yake, aanzie kwenye mianya, chini ya chesisi na kwenye mkono wa kuvutia, ule unaounganisha trekta na ndege, pamoja na pini yake, ile iliyowekwa ikatike kabla gurudumu la mbele la ndege halijaumia. La kupuliza huisha haraka, na nililiona lina maana ndani ya fremu tu, mahali brashi isipofika.