Miezi sita na mfumo unaogawa matangazo wenyewe: uzoefu wangu

Nauza kozi za mtandaoni, na kwa muda mrefu nilipima matangazo yangu kwa njia ya kawaida: tangazo A kwa nusu ya wageni, tangazo B kwa nusu nyingine, nasubiri, kisha nahesabu. Njia hiyo ni ya haki lakini inakula muda. Tangazo moja likibofywa na 2% ya wanaoliona na jingine 2.5%, unahitaji takriban maonyesho 14,000 kwa kila moja, ukitaka kiwango cha kawaida cha uhakika cha 95% na nafasi ya 80% ya kuiona tofauti hiyo. Muda wote huo nusu ya wageni wako wanaonyeshwa tangazo dhaifu, na unalilipia.

Kwa sababu hiyo nilihamia kwenye huduma inayogawa maonyesho yenyewe huku ikijifunza. Sitaitaja jina, kwa kuwa mengi ninayoyaeleza hapa utayakuta kwenye mifumo mingine ya aina yake.

Njia inayotumia ni sampuli ya Thompson, na kwangu ni mojawapo ya mawazo mazuri kabisa katika takwimu. William R. Thompson aliitoa mwaka 1933, na swali lake lilihusu matibabu: una tiba mbili, ushahidi bado mdogo, na hutaki wagonjwa wengi waangukie kwenye ile hafifu wakati unatafuta jibu. Kwenye matangazo inakwenda hivi. Kila tangazo lina hesabu mbili, ya waliobofya na ya waliopita, na kutokana na hizo mfumo unachora mtawanyo wa makisio kuhusu nguvu ya tangazo hilo, yaani viwango vyote vinavyowezekana na jinsi kila kimoja kinavyoaminika. Mgeni akifika, mfumo unachota namba moja kwa nasibu kutoka kila mtawanyo. Tangazo lililotoa namba kubwa ndilo analoliona. Tangazo geni lina mtawanyo mpana, kwa hiyo mara moja moja hutoa namba kubwa na kupata nafasi yake. Likiwa dhaifu kweli, mtawanyo unabana na nafasi zinapungua zenyewe. Hakuna anayelifuta.

Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Niliweka matangazo matano, na kufikia siku ya nne mawili yalikuwa karibu yameachwa. Bajeti ilikuwa inakwenda kunakostahili bila mimi kugusa kitu.

Kasoro ya kwanza niliiona kwenye mauzo. Tangazo lililoshinda lilikuwa na kichwa cha kuvuta macho. Watu walibofya, wakachungulia, wakaondoka. Mfumo haukukosea hata kidogo, maana niliuambia uhesabu mibofyo na ulihesabu mibofyo. Nikabadilisha lengo liwe malipo. Hapo likazuka jambo la pili: wanunuzi wangu wengi hulipa siku kadhaa baada ya kubofya, na katika siku hizo mfumo unawaandika kama waliokataa. Tangazo jipya likawa linaadhibiwa kwa sababu tu wateja wake hawajafika kwenye malipo. Kuna mpangilio wa kuuambia usubiri siku saba kabla ya kumhesabu mtu, lakini umefichwa ndani sana na haujawashwa tangu mwanzo. Kama bidhaa yako si ya kununuliwa papo hapo, uwashe kabla ya kuanza.

Lililonisumbua kuliko yote ni ripoti. Chukua mfano huu. Siku za kazi, tangazo A linauza 2.5% na B 3%. Mwisho wa wiki watu wananunua kidogo: A 1%, B 1.5%. B ni bora siku zote. Sasa tuseme siku za kazi, kabla mfumo haujajua, A ilipata maonyesho 9,000 na B 1,000. Mwisho wa wiki mgawo ukageuka, A 1,000 na B 9,000. Jumlisha: A ina mauzo 235 kati ya maonyesho 10,000, na B ina 165 kati ya 10,000. Ukisoma jumla peke yake utalitupa tangazo bora. Wanatakwimu wanakijua kitu hiki kwa jina la kitendawili cha Simpson, na mfumo unaobadilisha mgawo kila saa unakizalisha kwa urahisi, kwa sababu tangazo na wakati vinachanganyika. Dashibodi inaonyesha jumla tu, tena kwa herufi kubwa na rangi ya kijani. Nadhani ni kosa kubwa kumwonyesha mteja namba hiyo bila onyo.

Niliandikia kitengo cha huduma kwa wateja kuomba faili lenye kila onyesho pamoja na uwezekano ambao tangazo lilikuwa nao wa kuchaguliwa wakati huo. Ukiwa na uwezekano huo unaweza kulipatia kila onyesho uzito wa kinyume chake (nafasi ndogo, uzito mkubwa), na makadirio yakanyooka. Walijibu haraka na kwa adabu, wakanitumia faili la kila siku, lakini safu ya uwezekano haikuwemo. Mpaka leo haimo.

Ninachofanya sasa ni kutenga 10% ya wageni nje ya mfumo. Hao wanagawiwa matangazo sawasawa kwa nasibu, bila kujifunza kokote, na ninaposema tangazo fulani ni bora nasoma kwao tu. Asilimia 90 iliyobaki nauachia mfumo ufanye kazi yake, na kwa vitu vya muda mfupi, kama vichwa vya kampeni ya wiki mbili, sijaona njia ya mkono inayoukaribia. Kwa uamuzi nitakaoishi nao mwaka mzima, kama bei au mpangilio wa ukurasa wa malipo, narudi kwenye nusu kwa nusu na idadi niliyoipanga kabla ya kuanza.

Nimelipia miezi sita mingine. Safu ile ya uwezekano nimeiomba tena wiki hii, mara ya tatu.