Kazi ya tailizi bafuni: juu inang'aa, chini mapango

Huduma inayopimwa hapa ni ile inayouzwa kila mtaa wa Dar es Salaam: fundi tailizi na saidia fundi wake, ufundi kwa mita ya mraba, vifaa ananunua mwenye nyumba, bafu linakabidhiwa ndani ya siku nne. Bafu lina mita 1.8 kwa 2.4. Ukutani zimepanda tailizi za sentimita 30 kwa 60 hadi mita 2.4, sakafuni zipo za 30 kwa 30 zisizoteleza.

Nyota moja na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya mikato: kona za nje zimekatwa nyuzi 45 zikakutana vizuri, na matundu ya koki yametobolewa duara badala ya kumegwa kwa koleo. Mkono wa fundi upo. Kilichokosekana ni kazi isiyopigwa picha.

Tuanze na maji. Mwaga ndoo moja sakafuni na dimbwi linabaki nyuma ya mlango mpaka kesho yake. Pimamaji ikilazwa kuelekea trapu, yaani tundu la kutolea maji sakafuni, inaonyesha mteremko wa milimita 3 kwa mita, na pembeni ya choo sakafu inarudi nyuma. Bafu linataka milimita 10 hadi 20 kwa kila mita, na chini ya shawa ni vizuri ukaribie 20. Kwa eneo la shawa la sentimita 90, ukingo wa mbali ukae juu ya trapu kwa milimita 18 hivi. Mteremko huo hautengenezwi kwa gundi. Unatengenezwa kwenye sakafu ya saruji na mchanga, kwa kamba na rula ndefu, kabla boksi la tailizi halijafunguliwa. Hapa sakafu ilinyooshwa kama ya sebule, kisha tailizi nne zinazozunguka trapu zikagongwa nyundo ya mpira ili zizame kidogo. Zimelala kama sahani, na kingo zake zimepishana na za jirani kwa milimita 3 mpaka 4. Kwa viungo vyembamba (nafasi kati ya tailizi na tailizi), kupishana kukizidi milimita 1 tayari ni kasoro. Unyayo unaijua kabla ya jicho.

(Wanaopenda tailizi za 60 kwa 60 mpaka bafuni wajue kwamba tailizi haipindi. Mteremko wa pande nne unataka ama tailizi ndogo, ama kubwa zikatwe mshazari kutoka kona hadi kwenye trapu kama mgongo wa bahasha. Fundi akikwambia zitakaa tu, muulize zitakaaje.)

Jaribio la pili halina gharama. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga kila tailizi katikati na kwenye kona zote nne. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mzito, mfupi. Yenye uwazi chini hulia kama debe. Zaidi ya theluthi ya sakafu hii inalia kama debe, na ukutani safu ya chini karibu yote. Moja ilipong'olewa ilitoka nzima, mgongo safi, kama vile haijawahi kubandikwa. Chini yake yalikuwa matonge matano ya niru, yaani uji mzito wa saruji: manne kwenye kona, moja katikati.

Kwa nini haikushika? Tailizi za sakafuni za aina ya poseleni hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Saruji tupu haipati pa kung'ang'ania, nayo niru ikikauka husinyaa na kuachia. Ile desturi ya kuloweka tailizi kwenye ndoo ina maana kwa zile za ukutani zenye mgongo mwekundu au mweupe, ambazo hunywa zaidi ya asilimia 10 na zingefyonza maji ya saruji kabla haijashika. Kwa poseleni ni kuiogesha tu. Tena ukitumia gundi ya mfuko, mgongo uliolowa unadhoofisha mshiko.

Matonge nayo yana madhara yake hata kama saruji ingeshika. Uwazi kati yake hugeuka mtaro: maji yanayopenya kwenye viungo yanakusanyika humo, yanaoza, harufu inapanda, na siku ndoo iliyojaa ikidondoka kwenye kona yenye uwazi, tailizi inavunjika. Bafuni gundi inatakiwa ishike asilimia 95 ya mgongo. Chumba kikavu, 80. Njia ya kufika huko inajulikana. Koroga gundi kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye mfuko, iache dakika 5 hadi 10, koroga tena. Tandaza kwa mwiko wa meno ya milimita 10, mistari yote ielekee upande mmoja. Tailizi ya 30 kwa 60 ipakwe na mgongoni pia. Ukiibandika, isukume ikikata mistari ili hewa itoke. Usitandaze zaidi ya mita moja ya mraba kwa wakati, maana joto la Dar huiwekea gundi ngozi haraka. Ukigusa na kidole hakichafuki, kwangua utupe. Na kila baada ya tailizi chache, ng'oa moja utazame mgongo wake.

Orodha ya vifaa ilikuwa imeshatoboa siri. Sakafu ni mita za mraba 4.3, ukuta kama 18 ukitoa mlango na dirisha. Kwa kilo 5 za gundi kwa mita ya mraba, zinahitajika takriban kilo 112, yaani mifuko sita ya kilo 20. Orodha ya fundi ilikuwa na saruji mifuko mitatu, grauti ya kujazia viungo, na asidi. Hakuna gundi, hakuna dawa ya kuzuia maji, hakuna silikoni, hata misalaba ya plastiki ya kutenganisha tailizi haimo. Ukipokea orodha ya namna hiyo, umeshapokea na matokeo.

Ukuta wa chumba cha kulala ulio mgongoni mwa shawa unathibitisha. Rangi imevimba na unga mweupe wa chumvi umetoka kwa urefu wa goti. Grauti ya kawaida haizuii maji, inapunguza tu. Kinachozuia ni tabaka la dawa lililopakwa chini ya tailizi: mikono miwili, yaani lipakwe mara mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza, kitambaa cha wavu kwenye kona zote na kuzunguka mabomba, lipande milimita 150 kuta zote na milimita 1800 eneo la shawa. Kisha ziba trapu, jaza maji, weka alama ya kina ukutani, subiri saa 24. Maji yakishuka, tailizi haziwekwi.

Grauti ilijazwa jioni ileile tailizi zilipowekwa, badala ya kusubiri walau saa 24, halafu sakafu ikasuguliwa kwa asidi ili ing'ae siku ya makabidhiano. Asidi hula saruji, na grauti ni saruji; ndiyo maana viungo vimetoboka kama mkate. Kona ambapo ukuta unakutana na sakafu zimejazwa grauti na tayari zina ufa. Hapo ni mahali pa silikoni, inayonyumbulika, kwa sababu sakafu na ukuta havisogei pamoja.

Fundi amejitolea kukwangua viungo na kujaza upya bila malipo. Ofa hiyo isikubaliwe. Grauti mpya juu ya uwazi itapasuka tena, na mteremko utabaki uleule. Tailizi moja moja zinazolia katikati ya ukuta, mbali na shawa, zinaweza kubadilishwa. Sakafu yote ivunjwe, pamoja na safu ya chini ya ukuta kuzunguka chumba, na kuta za shawa hadi kimo cha dawa. Anza na tailizi inayolia zaidi. Kata viungo kwa grainda kwanza ili mtikiso usihamie kwa majirani, ingiza patasi kwa mshazari, na trapu izibwe kwa kitambaa kabla ya nyundo ya kwanza, la sivyo vipande vitaishia kwenye bomba. Sakafu mpya ya mteremko ikomae wiki tatu kabla ya dawa na tailizi. Ni kero kuoga kwingine muda huo wote, lakini haina njia ya mkato. Tailizi za kufidia zitafutwe zenye namba ileile ya rangi iliyo kwenye boksi. Ziwe za viwanda vya Mkuranga, vya Chalinze au za nje, toleo likibadilika rangi nayo hubadilika. Zikikosekana, ni afadhali safu ya chini iwe ya rangi nyingine kabisa, ionekane imekusudiwa.

Nani alipe? Kama mwenye nyumba ndiye aliyekataa kununua gundi, hasara wagawane. Hapa orodha aliiandika fundi na kuituma kwa simu, kwa hiyo ufundi wa kurudia ni wake, pamoja na tailizi zitakazovunjika. Ushahidi uwe video ya maji yaliyotuama, sauti ya sarafu, na picha ya mgongo wa tailizi iliyong'olewa, vyote kabla ya kugusa kitu kingine. Ikishindikana kwa mazungumzo, serikali ya mtaa husuluhisha, na dai la fedha linaweza kwenda mahakama ya mwanzo. Kinachomwangusha mwenye nyumba katika shauri hili ni kwamba alimaliza kulipa siku grauti ilipojazwa, na fundi hana tena sababu ya kupokea simu.

Kwa fundi atakayefuata, makubaliano yaandikwe hivi: asilimia 20 ya malipo ya ufundi italipwa wiki mbili baada ya bafu kuanza kutumika, maji yasituame popote kwa zaidi ya upana wa kiganja, na kila tailizi igongwe kwa sarafu mbele ya pande zote mbili.