TAHADHARI: Mtungi wa gesi unauzwa mjini kama mashine ya kupiga mchanga

Wakuu, kama unafufua gari la zamani nyumbani na umeona ile video ya mashine ya sandiblasti, inayorusha mchanga kwa upepo wa presha na kung'oa kutu kwenye rimu kwa dakika moja, usitume hela kwanza. Mimi nilituma, laki tisa na nusu, na haya yamenikuta mwenyewe Kariakoo wiki tatu zilizopita.

Nina Land Rover 109 ya marehemu baba, Series III. Bodi ya gari hizi kwa sehemu kubwa ni alumini. Kinacholiwa na kutu ni chasesi na ukuta wa mbele, ambavyo ni stili, na huku kwetu pwani kutu haina huruma. Grenda na brashi ya waya haviingii kwenye kona za chasesi, ndiyo maana nikatafuta mchanga.

Dukani nilifanyiwa majaribio. Jamaa akapiga rimu chakavu mbele yangu, chuma kikatoka cheupe. "Bosi wangu, hii unachomeka soketi ya nyumbani tu, gari zima siku mbili." Kompresa (mashine ya upepo) ya hp 2 ilikuwa inanguruma pembeni, na ndiyo niliyouziwa pamoja na mtungi wa kujazia mchanga. Macho yangu yote yalikuwa kwenye rimu. Fundi bodi mmoja wa Tabata alipoangalia video niliyorekodi siku ile, akaisimamisha na kuniuliza: "Kaka, hili bomba linaenda wapi?" Bomba la upepo halikuungwa kwenye ile kompresa. Lilipita nyuma ya kabati na kuingia kwenye tundu la ukuta. Upepo ulikuwa unatoka kwenye mashine nyingine ambayo sikuonyeshwa.

Nyumbani ilipiga nusu dakika, kisha mchanga ukawa unadondoka tu kwenye nozo, yaani mdomo unaotoa mchanga. Hesabu yake ni hii, na ningeijua mapema nisingelipa. Nozo ya milimita 3 kwenye presha ya psi 80 inakula upepo wa lita 450 hivi kwa dakika, au zaidi. Kompresa yangu imeandikwa lita 250, lakini hiyo ni hewa inayovutwa, siyo inayotoka. Inayotoka kwa kompresa ndogo kama hii ni kama theluthi mbili yake. Tangi la lita 50 haliwezi kuziba pengo hilo. Isitoshe, mchanga unaila nozo yenyewe: tundu likipanuka kutoka milimita 3 hadi 4, upepo unaohitajika unakaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo usiulize hp wala ukubwa wa tangi. Uliza lita ngapi kwa dakika zinatoka, kwenye psi ngapi, kisha linganisha na nozo.

Hilo la upepo ni hasara ya hela. La mtungi ni la uhai. Nilikwangua rangi nyekundu kwa msumari, chini yake ikatokea rangi nyingine, na chini zaidi herufi za mtungi wa gesi ya kupikia. Mtu ameukata juu, akachomelea mdomo wa kujazia mchanga, maungio yenyewe ya kuchomelea yana matundu. Pale panapotakiwa valvu ya usalama, ya kutoa upepo presha ikizidi, pamekazwa bolti. Nilikuwa nimeuinamia ule mtungi ukiwa na psi 100, mwanangu wa miaka tisa amesimama nyuma yangu kashika tochi. Kila nikikumbuka, mwili unanisisimka.

Na muuzaji alinipa viroba viwili vya mchanga wa mto "bure", pamoja na barakoa ya kitambaa. Jamani, huo mchanga una madini ya silika. Ukigonga chuma unapasuka kuwa vumbi jembamba lisiloonekana, linakaa mapafuni na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba, na unaofungulia TB mlango. Ndugu zetu wachimbaji wa Mirerani wanaujua. Uingereza walikataza mchanga wa aina hii kwa kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Tumia ganeti (chembe za madini magumu) au shanga za kioo, vaa kofia inayoletewa hewa safi, na usipigie kwenye ua ambako majirani wanaanika nguo. Mchanga wa ufukweni ndio usiuguse kabisa, chumvi yake inarudisha kutu chini ya praima, ile rangi ya kwanza.

Niliporudi dukani nikaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Hela nilituma kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, na nilipewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kabla hujatoka, ndiyo inayokupa pa kusimamia ukienda kulalamika Tume ya Ushindani (FCC).

Chasesi nimeipeleka kwa watu wenye kompresa kubwa ya dizeli, wakaimaliza siku moja, nikapiga praima jioni ileile kabla unyevu haujaishika. Kompresa ya hp 2 nimebaki nayo, inafaa kupulizia rangi. Mtungi nimeupasua vipande viwili kwa grenda, asije mtu akauokota jalalani akaujaza upepo.

Video yao bado inazunguka. Itazame vizuri upande wa kushoto, chini ya kabati: bomba la kijani linaloingia ukutani.