Kutoka Forester XT kwenda CX-5 ya dizeli: nilichopata na nilichokiacha

Kwa miaka kadhaa nimeendesha Subaru Forester XT, ile ya umbo la SJ yenye injini ya FA20, lita mbili na tabo, yaani feni inayosukumia injini hewa zaidi. Sasa naendesha Mazda CX-5 ya dizeli, lita 2.2, toleo la kwanza. Wanaonijua walishangaa, maana walizoea kuniona upande wa magari ya kukimbia, na hadi leo swali ni lile lile: hujutii? Sijutii. Lakini jibu langu lina masharti, na masharti hayo ndiyo yamenifanya niandike. Dizeli hizi ndogo za kisasa zinamfaa mtu mmoja na kumfilisi mwenzake, kutegemea gari linaishi wapi na linatembea vipi, na dalali hana muda wa kukuuliza hayo.

Namba kwanza. XT ya soko la Japani ina nguvu za farasi 280. CX-5 niliyochukua ina 175. Ukiishia hapo utaona nimeshuka sana. Sasa angalia toki, yaani nguvu ya kuzungusha: XT ina nyutoni-mita 350, CX-5 ina 420. Ni kweli kwamba kwenye karatasi toki ya XT nayo inakamilika kuanzia mizunguko 2,000 kwa dakika, sawa na ya dizeli. Tofauti iko kwenye namna inavyofika kwenye matairi. XT ina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua. Ukikanyaga mafuta, injini inapanda kwanza, inalia, halafu gari linafuata. CX-5 ina giaboksi ya otomatiki ya gia 6 zinazoshika kwelikweli, na tabo mbili: ndogo inafanya kazi mizunguko ikiwa chini, kubwa inapokea ikipanda. Ukigusa pedali, gari linasukuma pale pale.

Kwetu ni Njombe, kwa hiyo barabara ninayoijua kuliko zote ni ya TANZAM, ile inayotoka Dar kwenda Zambia. Asiyeipita mara kwa mara anaweza kudhani safari kama hiyo ndiyo mahali pa farasi 280. Sivyo. Kutoka Dar hadi Morogoro ni makazi yanayofuatana na vibao vya 50, na askari wenye tochi za kupima mwendo wanajua kila kona; ukizidisha, 30,000 imekutoka. Ukiiacha Morogoro unaingia Mikumi, ambako barabara inakatiza ndani ya hifadhi na mabango yanakuonyesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Baada ya hapo ni malori ya kwenda Tunduma. Kazi halisi ya dereva safari nzima ni moja: uko nyuma ya semi-trela kwenye 50 au 60, unapata nafasi, unapanda hadi 100, unapita, unarudi upande wako. Kinachohesabika ni sekunde unazokaa upande usio wako.

XT ukiikanyaga hadi sakafuni itaiacha CX-5 katika kazi hiyo, sibishani. Lakini hakuna mtu anayekanyaga hadi sakafuni kila baada ya dakika tano kwa saa kumi na mbili, akiwa na mama yake kiti cha mbele, watoto nyuma na viroba vya viazi kwenye buti. Dizeli inaifanya kazi ile ile kwa nusu ya pedali. Mzigo nao haiuoni sana. XT yenye watu watano na viazi ilikuwa gari tofauti kabisa na XT yenye mtu mmoja. CX-5 hubadilika kidogo tu.

Mlima Kitonga ndio ulionishawishi moja kwa moja. Malori yanaupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona zimebanana, na sehemu salama za kupita ni chache na fupi. Unatambaa nyuma ya lori, nafasi inafunguka, unahitaji gari liondoke sasa hivi, si baada ya kufikiri. Dizeli inaondoka. Sindano ya mizunguko iko 2,000 na kidogo, watu ndani wanaongea kwa sauti ya kawaida. Mama, ambaye kwenye XT alikuwa akishika mpini wa juu ya mlango tangu Ruaha Mbuyuni, siku hizi Kitonga inamkuta amelala.

Kuhusu mafuta nitakuwa mfupi kwa sababu kila mtu anategemea kusikia hili. XT mjini Dar ilikuwa inanipa kilomita 7 kwa lita, 8 foleni ikiwa nyepesi, na njia ndefu 10 au 11. CX-5 inanipa 11 hadi 12 mjini na 16 njia ndefu nikiendesha kwa utulivu. Tangi la lita 58 linanitoa Dar hadi Njombe bila kusimama sheli. Usitegemee faida kutoka kwenye bei ya lita, lakini. EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, petroli na dizeli hupishana kidogo, na kuna miezi dizeli ndiyo iko juu. Faida yote inatoka kwenye ulaji.

Nilichokiacha sasa, maana ni kingi na sitaki kukidogosha. Injini ya boksa imelala chini ndani ya gari, silinda zimetazamana pande mbili, na hiyo inaifanya Subaru iingie kona ikiwa imetulia. CX-5 nayo inashika barabara vizuri, usukani wake ni mzuri kuliko nilivyotarajia, ila unahisi injini nzito iko mbele. Kwenye tope ni kesi nyingine: Subaru inapeleka nguvu matairi yote manne muda wote, CX-5 ya 4WD inategemea zaidi matairi ya mbele, na ya nyuma inayaita pale inapoona yanahitajika. Barabara za kwenda mashambani Njombe mwezi wa Machi zinakuonyesha tofauti hiyo bila kuficha. Nimepita kote nilikokuwa nikipita, lakini kwa uangalifu zaidi.

Na kuna ile raha ya injini kupanda. Hapa niwarekebishe wanaodhani naukosa mngurumo wa Subaru. Mngurumo ule ni wa XT za zamani zenye injini ya EJ, ambazo mabomba yake ya moshi hayalingani urefu. FA20 mabomba yake yanalingana na haingurumi hivyo. Ninachokikosa ni kuweka SI-Drive, swichi ya kuchagua ukali wa injini, kwenye S#, asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa tupu, na kuiacha injini ipande hadi mizunguko 6,000 ikiwa bado ina hamu. Dizeli haina hamu hiyo. Mstari mwekundu wake uko 5,200 na ukifika 4,500 imeshamaliza maneno. Anayependa gari kwa sababu hiyo asibadilishe. Ni raha ya kweli na haina mbadala.

Baada ya hapo kuna nidhamu ya dizeli, na hii ndiyo sehemu ninayoomba isomwe taratibu.

Petroli inawashwa na plagi. Dizeli haina plagi ya cheche: hewa inabanwa hadi inachemka, kisha nozeli zinapuliza mafuta na yanawaka yenyewe. Kwenye injini hii ya Mazda nozeli hizo zinapuliza kwa shinikizo linalofika baa 2,000, kupitia matundu madogo sana. Sasa fikiria maji au uchafu kupita hapo. Tanzania tumetoka mbali na mafuta ya kuchakachua. Vinasaba, yaani kemikali za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, vilianza kuwekwa mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Hali imebadilika sana. Hata hivyo, mimi najaza sheli zenye magari mengi, ambako mafuta hayakai kwenye matangi ya chini, na sijazi lori la mafuta likiwa linashusha, kwa sababu uchafu wa chini unakuwa umetibuliwa. Madumu ya dizeli yanayouzwa kando ya barabara kuu usiyasogelee kabisa, hata bei iwe nusu. Hujui yametoka tangi gani wala yalikaa ndani ya nini. Filta ya dizeli nabadilisha kabla ya muda wake, na maji yanayojikusanya chini ya filta fundi anayamwaga kila huduma.

Jambo lingine ambalo wenye petroli hawalijui: kijana wa pampu akiona gari dogo zuri la Kijapani anachukulia ni petroli. Si kosa lake, mengi ni ya petroli. Kuna sheli moja niliyomkuta ameshashika bomba la petroli na kifuniko kimefunguliwa. Petroli haina ulainisho ambao pampu ya dizeli inautegemea. Ukiwasha injini ikiwa na petroli, pampu na nozeli zinasagika na bili yake unaweza kununulia pikipiki. Mimi hushuka kila mara, nasimama kwenye kifuniko, nasema dizeli kwa sauti na kuangalia bomba likiingia. Nimebandika pia stika ya DIZELI ndani ya kifuniko.

Halafu chujio la masizi, ambalo mafundi wanaliita DPF. Liko kwenye ekzosi na linakamata moshi mweusi usitoke nje. Likianza kujaa, gari lenyewe linaongeza mafuta kidogo ili joto lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji dakika kadhaa za mwendo mzuri. Mtu anayetoka Kimara kwenda Posta kwa foleni, anazima, anarudi kwa foleni, anazima, anaikatiza kazi hiyo kila siku. Masizi yanazidi, taa inawaka, na mafuta yaliyopulizwa kwa ajili ya kuchoma yanapenya kwenda kwenye oili. Ndiyo maana kijiti cha oili cha gari hili kina alama ya X juu ya ile ya kujaa. Tumezoea kuogopa oili kupungua. Hapa uogope pia ikipanda. Ikifika X, mwaga ubadilishe, usisubiri kilomita zitimie. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000 na naweka oili ya majivu machache iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli zenye chujio, kutoka duka ninaloliamini, kwa sababu oili feki zipo nyingi. Na wiki ambazo zimekuwa za foleni tupu, Jumapili nalipeleka gari Chalinze na kurudi.

Utakutana na fundi atakayekwambia litoboe chujio, utupe vya ndani, uzime taa kwa kompyuta, matatizo yaishe. Nilishauriwa hivyo na nilikataa, na ningekataa tena. Masizi ya dizeli yanaingia kwenye mapafu, na ekzosi ya gari langu iko karibu zaidi na uso wa mtoto anayevuka pale Mbezi kuliko wa mtu mzima. Kama chujio linakushinda kulitunza, nunua petroli.

Kwa anayeagiza: kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kitakushtua kidogo. XT iko chini ya cc 2,000 na ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 5; CX-5 ya dizeli ina cc 2,188, ikaangukia asilimia 10. Gari likivuka miaka minane kuna nyongeza ya uchakavu juu yake, asilimia 15, na zaidi likivuka kumi, kwa hiyo gari jipya zaidi kwa mwaka mmoja linaweza kukutoka kwa gharama ile ile. Mimi nililipa zaidi kuliko ningelilipa kwa petroli. Tazama pia stika za kubadilisha oili ambazo Wajapani hubandika mlangoni au chini ya boneti. Dizeli iliyotembea kilomita nyingi za barabara kuu huku ikipata oili kwa wakati naipendelea kuliko yenye kilomita chache za mjini. Wakati wa majaribio muombe muuzaji usilikute limewashwa. Liwashe wewe likiwa la baridi, usikilize, uangalie moshi, kisha chomoa kijiti cha oili. Muuzaji akikataa, ondoka.

Madalali wengi wanaziita dizeli hizi vimeo. Nadhani nyingi walizoziona ziliishi maisha yasiyo yake: foleni kila siku, oili yoyote, mafuta ya dumu. Gari langu linakwenda Njombe na kurudi, na kazi zangu nyingine zinanipeleka Morogoro na Dodoma. Ndiyo maisha ya dizeli. Dada yangu yuko Kimara, ofisi yake Posta, na kijijini huenda Krismasi tu. Amelipenda gari langu, akataka nimtafutie la kwake kama hili. Nimemtafutia CX-5 ya petroli, lita mbili, isiyo na tabo.