Uzoefu wangu: Kufundishia Kifaransa cha ngazi ya kati kwa Journal en français facile ya RFI

Ninakitumia kipindi hiki cha habari cha RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, na wanafunzi wa sekondari walio kati ya A2 na B1, yaani ngazi ya pili na ya tatu kati ya sita za kupima lugha. Hawa wanajua kujitambulisha, kuagiza chakula na kusimulia walichofanya wikendi, lakini redio ya Kifaransa ikiwashwa wanaambulia neno moja moja. Kwa kazi ya kuzoesha sikio Kifaransa kinavyosemwa kweli, sijaona kitu cha bure kinachokishinda. Kwa kazi nyingine hakitoshi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, jina lake, yaani habari kwa Kifaransa rahisi, lisikupoteze. Watangazaji hawasomi polepole; kasi yao inakaribia ile ya taarifa ya habari ya kawaida. Kinachorahisishwa ni maelezo: neno gumu likitajwa, mara nyingi hufuatwa na c'est-à-dire (yaani) au sentensi fupi ya kulifafanua, na chanzo cha tukio hakiachwi hewani. Kipindi ni cha dakika 10 na kina maandishi yake kwenye tovuti. Maandishi hayo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote, kwa sababu bila hayo mwanafunzi akikosa neno hajui kama halijui kabisa au analijua ila hakulisikia.

Kosa ninaloliona sana kwa wanaoanza ni kuwasikilizisha wanafunzi dakika zote 10. Kufika dakika ya tatu, darasa limeshachoka. Chagua habari moja ya sekunde 60 hadi 90, si zaidi, na iwe juu ya jambo ambalo wanafunzi wameshalisikia. RFI ina idhaa ya Kiswahili pia, kwa hiyo habari ya Goma, ya uchaguzi fulani au ya Kombe la Dunia wanaweza kuipata kwa Kiswahili kwanza. Mtu anayejua tayari kilichotokea hutumia nguvu zake kusikiliza lugha badala ya kukisia mada.

Kipindi kimoja cha darasa cha dakika 40 nakigawa hivi. Mara ya kwanza na ya pili wanasikiliza bila kuandika sentensi, ila majibu ya nani, wapi, lini na nini. Mara ya tatu nachukua sentensi tatu au nne na kuzifanya imla, nikisimamisha sauti kila kundi la maneno. Mara ya nne nagawa maandishi, nao wanapigia mstari vitu vya aina mbili kwa kalamu tofauti: maneno wasiyoyajua, na maneno wanayoyajua lakini hawakuyasikia. Aina hii ya pili ndiyo ya thamani. Wengi hushangaa kuona nusu ya walichokosa ni maneno waliyojifunza kidato cha kwanza. Dakika kumi za mwisho ni za kusoma kwa sauti pamoja na mtangazaji, kisha muhtasari wa maneno 60 unaandikwa nyumbani.

Kwa nini wanakosa maneno wanayoyajua? Kwa mzungumzaji wa Kiswahili sababu kubwa ni irabu. Sisi tunazo tano. Kifaransa kina nyingi zaidi, na zile za puani ndizo zinazogongana: bain, banc na bon huingia sikioni kama neno moja. Kisha kuna u ya Kifaransa, ambayo wengi huisikia kama i au kama u yetu, na hapo dessus (juu) na dessous (chini) zinageuzana maana. Njia inayofanya kazi ni kumwambia mwanafunzi atamke i, aache ulimi palepale, kisha aviringishe midomo kama anayetaka kusema u. Sauti ambayo kinywa kimeshaitoa, sikio huitambua haraka zaidi.

Sababu ya pili ni maneno kuungana. Tofauti ya ils ont (wana) na ils sont (wao ni) ni sauti z na s tu, na hapa Kiswahili kinatusaidia maana sauti zote mbili tunazo. Wafundishe kuisikilizia sauti hiyo, na kosa la kuchanganya être (kuwa) na avoir (kuwa na) katika ufahamu wa kusikiliza litapungua sana.

Namba zinastahili somo lake peke yake. Habari zimejaa miaka, idadi ya watu na fedha. Mwanafunzi akisikia quatre-vingt anaandika 80 papo hapo, kisha quatorze (kumi na nne) inamkuta kalamu imeshatua; 1994 inakuwa 1980 na 14. Sheria yangu ni kalamu isiguse karatasi hadi namba iishe. Wajulishe pia kwamba Mkongomani, Mnyarwanda au Mrundi anayehojiwa anaweza kusema septante (70) na nonante (90). Wasidhani amekosea.

Kuna sarufi ambayo kipindi hiki huifundisha vizuri kuliko kitabu cha kiada. Mfano ni conditionnel, umbo la kitenzi linalofanana na -nge- yetu, jinsi waandishi wa habari wanavyolitumia: le bilan serait de vingt morts maana yake inasemekana waliokufa ni ishirini, taarifa haijathibitishwa. Mwanafunzi aliyefundishwa conditionnel kwa si (kama, ikiwa) peke yake hutafuta sharti ambalo halipo. Vilevile nomino hubeba kazi ya kitenzi: la hausse des prix (kupanda kwa bei), la démission du ministre (kujiuzulu kwa waziri), le report du scrutin (kuahirishwa kwa uchaguzi). Zoezi zuri ni kuzigeuza ziwe sentensi kamili, les prix ont augmenté, le ministre a démissionné, na kinyume chake. Anayeliweza zoezi hili ameondoka A2.

Mwalimu akumbuke Kiswahili ni mtaji. Subjonctif haina haja ya kuogopwa na mtu anayesema ni lazima aje au nataka aje; hiyo -e ya mwisho inafanya kazi inayofanana na ile ya il faut qu'il vienne. Na natumaini atakuja inakwenda sambamba na j'espère qu'il viendra, bila subjonctif. Ulinganifu unavunjika kwenye bien que: sisi ingawa haibadilishi kitenzi, wao wanadai subjonctif. Unavunjika vibaya zaidi kwenye si ya Kifaransa. Kiswahili kinasema ningekuwa na muda ningekuja, -nge- pande zote mbili, ndiyo maana insha zetu zinajaa si j'aurais le temps badala ya si j'avais le temps, je viendrais. Kosa hili haliondoki kwa kulizungushia wino mwekundu. Mwonyeshe mwanafunzi linatoka wapi, kisha ampe kila si ya namna hii imparfait yake (umbo kama avais) kwa wiki kadhaa.

Upande wa utamaduni, usichukulie kwamba maelezo ya kipindi yanamaliza kila kitu. Majina ya mahali husimama badala ya taasisi: l'Élysée ni rais, Matignon ni waziri mkuu, Bercy ni wizara ya fedha, le Quai d'Orsay ni mambo ya nje, l'Hexagone ni Ufaransa bara. Habari za shule nazo zinachanganya kwa kuwa madarasa yao huhesabiwa kwa kushuka, kutoka sixième hadi troisième, kisha seconde, première na terminale, na alama ni kati ya 20. Mjadala wa laïcité (serikali kutofungamana na dini) unahitaji maandalizi. Eleza sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na serikali, na ile ya 2004 iliyokataza alama za wazi za dini katika shule za umma, kabla wanafunzi hawajasikiliza. Katika darasa lenye Waislamu na Wakristo mada hii huamsha maoni mengi, na hapo ndipo maneno ya kutoa maoni kama je pense que, à mon avis na je ne suis pas d'accord hutumika kwa moyo wote.

Gharama ni ndogo. Faili ya sauti ya dakika 10 ni kama MB 10, basi ipakue nyumbani. Usitegemee mtandao wa shuleni. Spika ni lazima. Simu pekee haifiki dawati la nyuma, na mvua ikipiga bati, ahirisha kusikiliza ufanye kazi ya maandishi.

Kinachokosekana ni lugha ya vijana. Habari ni siasa, vita, uchumi na michezo. Neno tu la Kifaransa (wewe, kwa mtu wa karibu) ni kama halisikiki, na mazungumzo ya nyumbani hayamo. Kwa hilo nachanganya na tovuti ya TV5MONDE ya kujifunza Kifaransa, ambayo nayo ni ya bure, ina video fupi zenye mazoezi yaliyopangwa kwa ngazi na inasahihisha papo hapo. Inakula bando zaidi, lakini kwa mwanafunzi anayejisomea peke yake ni rafiki kuliko redio.

Anayejiandaa kwa DELF B1, mtihani rasmi wa Kifaransa wa ngazi ya B1, ajue jinsi mtihani unavyopimwa: sehemu nne za alama 25 kila moja, kufaulu ni 50 kati ya 100, na ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka hata kama jumla inatosha. Journal inajenga kusikiliza na kusoma. Haigusi kuandika wala kuzungumza. Kwa hiyo miezi miwili kabla ya mtihani nawapunguzia hadi habari moja kwa wiki, na muhtasari wa maneno 60 unakuwa insha ya maoni ya maneno 160, kiwango cha chini kinachotakiwa. Wahesabu kama wasahihishaji: c'est-à-dire ni neno moja, si manne. Habari hiyohiyo inatumika pia kwa mazoezi ya monologue, ambapo mtahiniwa hutaja mada, hutoa maoni yake kwa mifano, kisha hujibu maswali. Nawakataza kuandika sentensi kamili wakati wa kujiandaa, vidokezo tu, kwa sababu anayesoma karatasi mbele ya mtahini hupoteza matamshi na mtiririko kwa pamoja.

Aliye chini ya A2 asianze na kipindi hiki. Amalize kwanza passé composé (wakati uliopita wa kusimulia) na namba hadi elfu.